Kamati ya Maana na Asili ya Sladji

"Inatangazwa kwa raia wote wa Mudiria ya Mtondoni, wanaume kwa wanawake, wazima kwa wagonjwa, kwamba kuanzia leo sladji ni marufuku. Mwenye nayo aitoe. Asiye nayo asiilete. Anayejua ilipo aseme. Na asiyejua sladji ni kitu gani astahamili, kwani Serikali nayo inalishughulikia suala hilo."

Tangazo hilo lilisomwa na Sheha, Mzee Jecha, mbele ya msikiti wa Ijumaa, mwaka wa hamsini na tisa, na watu walilitii papo hapo. Kabla ya alasiri mwenye baiskeli isiyo na taa alikuwa ameificha chini ya makuti. Mwenye mbuzi asiyejulikana vizuri alikotoka alikuwa amemhamishia Shumba kwa mjomba wake. Mzee mmoja aliyekuwa na redio aliivisha kanga, akailaza kitandani, na kila aliyepita akaambiwa ni shangazi, ana homa. Kila mtu aliamini kwamba sladji ni kile kitu alicho nacho yeye. Hiyo ndiyo faida ya sheria isiyofahamika, inamfikia kila mtu mpaka chumbani kwake.

Aliyetoa tangazo ni Bwana Abrahman Duni, Mudir wa Mtondoni, mtu wa makamo mwenye kofia ya viua iliyotiwa wanga na sauti iliyotiwa wanga vilevile. Siku aliposailiwa kwa ajili ya cheo hicho, Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, alimuuliza kama anakijua Kiingereza. Bwana Abrahman akajibu, "Chote." Jibu hilo lilimpa kazi, na hilohilo likamfunga mdomo, kwa sababu mtu anayekijua Kiingereza chote hana tena ruhusa ya kuuliza neno hata moja.

Chanzo cha tangazo kilikuwa barua ya Kiingereza kutoka Unguja, iliyotoka kwa Bwana Mkubwa mmoja aliyesimamia usafi wa pwani zote za visiwa. Bwana Mkubwa alisema atakuja mwenyewe. Alitaka aonyeshwe sladji iliyoko pwani ya Mtondoni, aelezwe imetoka wapi, na yule aliyeileta aiondoe kwa mikono yake, mbele ya macho yake yeye Bwana Mkubwa. Bwana Abrahman aliielewa barua yote isipokuwa neno sladji. Yaani alielewa kila kitu isipokuwa kile kinachozungumzwa, na wako watu walioendesha nchi nzima kwa kuelewa kidogo kuliko hapo.

Kamusi yake mwenyewe, ndogo ya kutia mfukoni, neno hilo haikuwa nalo. Kumwandikia Bwana Disii haikuwezekana. "Serikali haiulizi," alimwambia Mzee Jecha. "Serikali inaunda kamati."

Ikaundwa Kamati ya Maana na Asili ya Sladji. Mwenyekiti alikuwa Bwana Abrahman, katibu Mwalimu Nyange wa skuli, na Mzee Jecha akawa mjumbe anayewakilisha watu waliobaki wote. Kikao cha kwanza kilikaa barazani kwa Mudir, na kilianza, kama vikao vyote vya hapo, kwa wajumbe kuonyeshwa choo.

Hili halikuwa jambo la kurukwa. Serikali ilikuwa imemjengea Mudir nyumba mpya ya mawe juu ya mlima, na ndani yake choo cha kuvuta mnyororo, cha kwanza katika mudiria nzima. Bwana Abrahman alikipenda kwa moyo wake wote. Choo chake cha zamani cha shimo, kilichokuwa uani hapohapo, alikifukia siku ileile, akapanda asumini juu yake, ili asije akatokea mtu wa kumkumbusha alikotoka. Mgeni akija alisimamishwa mlangoni, Bwana Abrahman akaushika mnyororo kwa vidole viwili, akauvuta, na wote wakasikiliza maji yakiporomoka mpaka yakanyamaza. Yalikwenda wapi baada ya hapo hakujua, wala hakuona sababu ya kujua. Mtu akishatoa amri haifuati njiani.

"Mie naona hino sladji ni maradhi ya mikarafuu," alisema Mzee Jecha walipokwisha kukaa. "Mzungu akikataza kitu kuno Pemba, basi kina habari ya karafuu."

"Barua inasema pwani," alisema Mwalimu Nyange.

"Basi ni maradhi ya mikarafuu ilo pwani."

Mwenyekiti aliusifu mchango huo, akaamuru uandikwe, kisha akamtuma Mwalimu Nyange aende Chake Chake kwa gari la asubuhi, kwenye kamusi kubwa, akalete maana na asili. Mwalimu alikwenda, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kikao kikakaa tena, baada ya choo.

"Maana ipo," alisema. "Ni matope mazito ya uchafu. Yale yanayobaki chini, maji yakishapita."

Bwana Abrahman aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa jina lake mwenyewe. "Ndivyo hasa nilivyokuwa nikijua. Na asili?"

"Asili haijulikani, Bwana Mudir."

"Haijulikani vipi?"

"Imeandikwa kwamba neno lilionekana tu, zama hizo, tayari linatumika. Wengine wanadhani ni jamaa wa neno la kale la tope. Wengine wanadhani ni jamaa wa theluji ile inayoyeyuka njiani na kukanyagwa na watu. Hakuna mwenye uhakika."

"Waingereza hawana uhakika na neno la Waingereza?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mzee Jecha alisikitika kweli. "Basi neno lenyewe ni la kuokotwa, masikini. Halina kwao."

Bwana Abrahman alikuwa mtu wa nasaba. Akikutana na mgeni humuuliza baba, kisha babu, kisha shamba la babu, na kwake ilikuwa aibu kubwa kwamba neno lisilojua baba yake limepanda meli mpaka Pemba kuja kuamrisha watu. Lakini huzuni yake haikudumu. Iligeuka fahari. Kama Waingereza, pamoja na vitabu vyao, walikuwa wameshindwa kujua sladji inatoka wapi, basi jambo hilo lilikuwa linamngojea mtu wake. Alijiona akipewa mkono na Bwana Mkubwa. Alijiona Unguja, nyuma ya meza pana zaidi.

"Andika, Mwalimu," alisema. "Asili itapatikana Mtondoni."

Siku ya pili kamati ilishuka pwani na leso puani.

Pwani ya Mtondoni ni hori la matope meusi lililozungukwa na mikoko, na ndani ya matope hayo wanawake hufukia makumbi ya nazi. Kila mmoja ana shimo lake, alilorithi kwa mama yake, lenye vijiti vilivyochomekwa na kipande cha kanga juu yake ili lijulikane. Makumbi hupangwa humo, hukandamizwa kwa mawe, bahari ikaingia na kutoka miezi na miezi mpaka nyama ya kumbi ikaoza na kubaki nyuzi za usumba. Hapo hufukuliwa, hupondwa kwa magongo, husokotwa kamba. Mwanamme haingizi mkono katika shimo la makumbi. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu hilo, na labda ndiyo maana halijapata kuvunjwa.

Walimkuta Bi Mize Mjaka akikagua shimo lake, kanga ameifunga juu ya magoti. Shimo hilo lilikuwa karibu na pale mtaro unapomwagia maji horini.

"Assalamu alaikum, Bi Mize," alisema Bwana Abrahman.

"Waalaikumu ssalaam, Bwana Mudir. Karibuni matopeni."

"Haya si matope. Haya ni sladji."

Bi Mize aliyatazama. "Tangu lini?"

"Tangu kikao cha jana."

"Mie n'meyakuta na mama yangu, na mama kayakuta na bibi. Siku zote ni matope."

"Mlikuwa hamjui. Kwa wakati ule hamkuwa na kosa."

"Na sasa kosa letu n'nini?"

"Harufu," alisema Mudir, na leso ikamfanya aseme puani. "Kamati imeisikia."

"Bwana Mudir, makumbi yananuka, hatukatai. Harufu yake twaijua kama twavyojua ya watoto wetu. Hino siyo. Hino imeanza kuja mwaka huu, nayo yashuka na mtaro ule kutoka kuko juu. Tumekuja ofisini kwako kukwambia, mie na Bi Time na wenzetu."

"Malalamiko yenu yalipokelewa?"

"Yalipokelewa."

"Basi mlitaka nini zaidi?"

Akamsomea uamuzi. Mashimo yote ya makumbi yafukuliwe kabla ya Bwana Mkubwa kufika, vilivyomo vikatupwe baharini, na kazi ianze na shimo la Bi Mize, kwa kuwa hapo ndipo sladji ilipokomaa zaidi. Mwalimu Nyange aliandika, lakini polepole, na hakumtazama mtu.

Bi Mize alisimama. Binti yake Mwanawema alikuwa ameposwa na Ngwali, na harusi ilikuwa iwe kabla ya Ramadhani. Mtondoni kitanda cha bibi harusi huwambwa kwa kamba iliyotoka katika shimo la mama yake. Kamba ya kununua dukani haikubaliki. Ni kumtangaza binti kwamba hana mama. Makumbi ya Mwanawema yalikuwa humo tangu karafuu za mwaka uliopita, na yalikuwa yamebakiza kidogo tu. Yakitolewa sasa hayachambuki. Yakitupwa, hapakuwa na muda wa kufukia mengine yakaoza. Bi Mize aliogopa, na alisema wazi kwamba anaogopa.

"Kitanda cha mwanangu kimo humu, Bwana Mudir. Nnakuomba. Usinifedheheshee mtoto."

Bwana Abrahman aliguswa, kwani alikuwa mtu mwenye huruma nje ya saa za kazi. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi.

"Kamati inakupa pole," alisema, na kamati ikapanda mlima kwenda kunywa chai.

Siku ya mgeni ilipofika, mabango ya makaribisho yalikuwa yameandikwa, pilau ya Serikali inanukia jikoni kwa Mudir, na maji yamekupwa mpaka mbali. Bwana Abrahman alimpeleka horini kibarua wa mudiria, kijana mwenye nguvu aitwaye Safari, na pauro mkononi, akafukue mashimo. Bi Mize alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amekaa juu ya shimo lake, ndani ya tope, miguu ameinyoosha, amejitanda vizuri kama aliyekaa maulidini.

"Mtoe," alisema Mudir.

"Simgusi, Bwana Mudir," alisema Safari.

"Basi chimba pembeni yake."

"Na shimo siligusi. La mama yangu ni lile pale, lenye kanga nyekundu. Mama ananitazama kutoka kwenye mikoko." Na kweli, kutoka kwenye mikoko, si mama yake tu, wanawake wote wa Mtondoni walikuwa wakitazama.

"Wewe unalipwa na Serikali."

"Ndiyo, Bwana. Lakini nakula kwa mama."

"Bi Mize, inuka," alisema Mudir. "Maji ya bamvua yakijaa yatakufunika."

"Kama yano ni sladji, na mie nimo ndani yake, basi tutupe sote baharini. Hapo utakuwa huna deni na barua yako."

Hapo motaboti ya mgeni ikalia. Mtu mwingine angebabaika. Bwana Abrahman alitafakari, na jambo zima likamjia limenyooka. Bwana Mkubwa alitaka aonyeshwe sladji, na hii hapa. Alitaka mwenye kuileta, naye huyu hapa, amekaa ndani yake kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Hata yeye mwenyewe asingeweza kuipanga vizuri zaidi. "Usiondoke hapo, Bi Mize," alisema kwa upole, akaenda gatini.

Bwana Disii alishuka wa kwanza. Nyuma yake akashuka Bwana Mkubwa, kofia mkononi, uso rangi ya embe changa. Alikuwa ametoka Tumbe, ambako wenyeji walimkirimu pweza wa nazi, akala, wakamwongeza, akala kwa adabu. Kisha ikaja bahari. Hotuba ya makaribisho alisikiliza sentensi yake ya kwanza. Katika ya pili alimshika Mudir mkono.

"Tafadhali," alisema kwa Kiswahili cha kitabuni, "nyumba ya choo iko upande gani?"

Bwana Abrahman alijisikia machozi yanamlengalenga. Mwaka mzima alikuwa akiwaonyesha choo kile watu wasiokuwa na haja nacho. "Juu, Bwana. Mzee Jecha atakupeleka. Atakuonyesha na mnyororo."

"Ninyi endeleeni," alisema Bwana Mkubwa, akaupanda mlima kwa kasi ambayo raia waliisifu.

Kamati ikaendelea na Bwana Disii. Alionyeshwa hori. Alionyeshwa Bi Mize, ambaye alimpa salamu kutoka chini. Alielezwa maana, na akasema maana ni hiyohiyo, jambo lililompa Mudir kifua.

"Sasa," alisema Bwana Disii, "imetoka wapi?"

"Tufuate mtaro, Bwana," alisema Bi Mize.

"Naunga mkono," alisema Bwana Abrahman haraka, asije mwanamke akaonekana ndiye aliyeongoza. Mtaro ulipita nyuma ya nyumba za wanawake haohao; hakuwa na shaka kwamba asili ingepatikana nyuma ya jiko la mmoja wao, na akitazama vizuri, la Bi Mize.

Wakapanda. Mbele Bwana Abrahman, leso puani, akifuatiwa na Bwana Disii, kisha Mwalimu Nyange na penseli yake, na wanawake nyuma, wakiongozwa na Bi Mize akidondokwa na tope, na Safari mwisho, pauro begani. Walifika nyuma ya jiko la Bi Time. "Hapa," alisema Mudir, akainama, akakuta maji ya kuoshea mchele. Wakapita. Nyuma ya kwa Bi Mize aliinama zaidi, akatafuta hata chini ya mgomba, na kote hakukuwa na kitu isipokuwa mgomba. Walipita birika la msikiti, ambako Mwalimu alikumbusha kwa sauti ndogo kwamba si pa kushuku. Kila walipopanda mtaro ulizidi kuwa mweusi, na nyumba zilizidi kupungua, mpaka ikabaki moja.

Bwana Abrahman aliona ukuta mweupe. Aliona asumini. Akapunguza mwendo, lakini mtu anayeongoza msafara wa Serikali hawezi kurudi nyuma bila kumkanyaga Bwana Disii. Mtaro ulikwenda moja kwa moja mpaka chini ya ukuta, na hapo likachomoza bomba.

"Bomba hili ni la nani?" aliuliza, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umezoea kuuliza wengine.

Wanawake waliyatazama maua ya asumini. Watu wa Mtondoni wana adabu.

Ndipo ndani ya nyumba, juu ya vichwa vyao, uliposikika mnyororo. Ukafuatia ule mporomoko ambao kila mjumbe wa kamati aliujua kwa moyo, ukashuka ukutani, ukanguruma bombani, na sladji ikatoka. Ilitoka mbele ya Bwana Disii, mbele ya katibu na mbele ya wanawake wote wa pwani, ikaanguka mtaroni na kuvirukia viatu vya Mwenyekiti. Wakati ulikuwa saa tano na robo. Mwalimu Nyange, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliopata kuandika katika kamati ile, aliandika: *Asili imeonekana.*

Bwana Mkubwa alizunguka pembe ya nyumba akiwa mtu mwingine kabisa, rangi imemrudi, Mzee Jecha kando yake akitabasamu kama aliyeozesha.

"Ehe," alisema Bwana Mkubwa, "mmeipata?"

"Imepatikana," alisema Bwana Disii, akiutazama mkarafuu mmoja uliokuwa mbali.

"Vizuri sana. Na mtu mwenye kuileta yupo hapa?"

"Yupo."

"Ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Mudir. Bwana Abrahman alikuwa na majibu mawili. La kweli kabisa lingekuwa mwisho wa kazi yake, na la kweli nusu lingekuwa mwisho wa heshima yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kwanza tangu avae kofia ile, na ilimwingia zaidi kwa sababu Bi Mize hakuwa akicheka.

"Ni mimi, Bwana," alisema. "Choo ni changu."

"Basi umesikia amri yangu. Utaiondoa wewe mwenyewe, kwa mikono yako, mbele yangu. Yote."

"Si yote, Bwana," alisema Bi Mize.

Alisogea mbele, akaweka mikono kifuani kwa heshima, tope limemkauka mpaka kiunoni.

"Ile ya siku zote ni yake Bwana Mudir, mwenyewe kakiri, wala hatumsingizii. Lakini hino iliyoshuka sasa hivi, tuloiona sote kwa macho yetu, ni yako weye. Na amri yako yasema alieileta aiondoe. Siye hatuna ugomvi. Twataka tu haki isimdhulumu Mudir wetu."

Bwana Mkubwa alimtazama Bwana Disii, na Bwana Disii aliutazama mkarafuu wake.

"Ni kweli, Bwana," alisema Mzee Jecha, ambaye hakupenda shahidi aachwe peke yake. "Mnyororo n'likuonyesha mie mwenyewe."

Safari alimsogezea Bwana Mkubwa pauro. Hakukusudia ubaya; aliona tu mtu amepewa kazi na hana chombo.

Bwana Mkubwa alisema maneno kadhaa ya Kiingereza kwa Bwana Disii. Bwana Abrahman, aliyekijua chote, hakulipata hata moja. Kisha kwa Kiswahili Bwana Mkubwa akatangaza kwamba neno sladji lina ugumu wake, asili yake haijathibitika, na linahitaji kuchunguzwa upya huko Unguja kwenye vitabu vilivyo bora zaidi. Akashuka gatini bila kugusa pilau, na katika safari ile hakushuka tena gati yoyote ya Pemba. Pilau ya Serikali haitupwi. Waliila wanawake wa makumbi barazani kwa Mudir, pamoja na Safari, aliyekaa karibu na mama yake.

Bwana Disii alibaki nyuma kidogo, kiasi cha kuandika amri akiwa wima. Matope ya Mtondoni ni matope. Mashimo ya makumbi yasiguswe. Mtaro uoshwe na Mudir. Shimo la kupokea maji ya choo lichimbwe upande wa pili wa mlima, Unguja ikishatoa idhini. Na mpaka idhini hiyo itoke, mnyororo usivutwe ila kwa ruhusa ya wenye kutumia pwani, ambao wataunda kamati. Mwenyekiti akawa Bi Mize. Mwalimu Nyange aliombwa awe katibu, akakubali kabla ombi halijamalizika. Ombi la idhini lilipelekwa Unguja kwenye ofisi ya Bwana Mkubwa, na mpaka leo liko mikononi mwa wataalamu.

Bwana Abrahman aliosha mtaro, suruali ameikunja, wanawake wakimwelekeza kutoka ukingoni. "Hapo sipo, Bwana Mudir. Hapo ni kwa Bi Time. Rudi nyuma kidogo." Makumbi ya Mwanawema yalikaa muda wake, yakafukuliwa yakiwa laini na ya rangi ya asali, yakapondwa, yakasokotwa, na kitanda kikawambwa mpaka kikalia kikigongwa kwa kidole. Bi Mize alilia siku ile, na hakuficha. Harusi ilikuwa ya kutajika. Mudir alialikwa, kwa kuwa Mtondoni hawaweki kinyongo, akaketishwa mbele, akapakuliwa na kuongezwa, pweza akiwemo.

Asubuhi yake, maji yamekupwa, wanawake walikuwa horini wakipanga makumbi mapya. Bwana Abrahman alishuka mlima kwa haraka, kikoi chake amekishika, bila kofia.

"Assalamu alaikum, Bi Mize."

"Waalaikumu ssalaam, Bwana Mudir. Umeamkaje?"

"Salama. Bi Mize, nina..."

"Na wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mkweo wa Pujini, homa imemwacha?"

"Imemwacha, alhamdulillahi. Bi Mize, naomba ruhusa."

"Ya mnyororo?"

"Ya mnyororo."

Bi Mize alijinyoosha mgongo, akawahesabu wenzake kwa macho. "Wajumbe hawajatimia, Bwana Mudir. Bi Time kafuata makumbi kwa dada yake. Akirudi tutakaa."

"Kwa dada yake ni mbali?"

"Si mbali sana. Lakini kenda kwa mguu, na akifika atakaribishwa chai."

Akainama tena kwenye kazi yake. Na Bwana Abrahman Duni, Mudir wa Mtondoni, ambaye hakuwahi kumngojea mtu katika mudiria ile, akasimama ukingoni, magoti ameyabana, akangoja.